Kwa Nini Frodo Hakubaki Kwao?

SWALI: Assalamu alaykum, Mhariri. Mimi na kaka yangu tumehitilafiana kuhusu mwisho wa Frodo, shujaa wa riwaya ya The Lord of the Rings. Kaka, ambaye ameona filamu tu, anasema aliyeibeba ile Pete ya uovu mpaka Mordor, nchi ya adui, ili iteketezwe motoni, alistahili kukaa kwao akala jasho lake, na kwamba kumpakia jahazini mwisho wa hadithi avuke bahari ni kumfukuza kwa sababu mwishowe alishindwa kuitupa. Mimi nimesoma kitabu chote na nililia, lakini sikuweza kumjibu. Je, safari ile ni adhabu? Na Sam, mtumishi na rafiki yake, alimfuata?
Msomaji wa kike, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykumu ssalaam, dada yetu. Kaka yako amesema kweli katika jambo moja, nalo ni kwamba Frodo alishindwa. Alipofika ukingoni mwa moto uliomo ndani ya mlima wa Mordor tarehe 25 Machi, miezi sita tangu alipotoka kwao, hakuitupa Pete bali alitamka kwamba ni yake, akaivaa. Wasomaji wengi hupita hapo mbiombio kwa kumwonea haya kipenzi chao, na filamu ya Peter Jackson ya mwaka 2003 imelilainisha jambo hilo, kwani inamwonesha Frodo akinyanyuka na kupambana na Gollum, kiumbe aliyewahi kuimiliki Pete na kuitamani tena, mpaka Gollum akaporomoka na Pete mkononi. Kitabuni hakuna pambano hilo. Gollum anamng'ata kidole mpaka kikakatika, anaipata Pete, anacheza kwa furaha ukingoni, anakosea hatua na kutumbukia.

Basi ni nini kilichoiangamiza Pete? Mimi nashika kwamba ni huruma iliyotolewa siku nyingi kabla. Bilbo, mlezi wa Frodo aliyekuwa na Pete kabla yake, alipata nafasi ya kumuua Gollum akamwacha. Frodo naye akamwacha. Na hata Sam, ambaye hakumpenda hata kidogo, alimsimamia na upanga palepale mlimani akashindwa kumchoma. Lau mmoja wao angelimuua, pasingekuwa na wa kumpokonya Frodo ile Pete. J. R. R. Tolkien, mwandishi wa kitabu, aliulizwa suala hili na msomaji, na katika barua ndefu ya mwaka 1963 alieleza kwamba kushindwa kwa Frodo hakukuwa kosa la kimaadili, kwa kuwa nguvu ya Pete katika dakika ile ilipita uwezo wa mtu yeyote kuihimili.

Kwa hiyo hakuna kosa la kuadhibiwa. Kuna jeraha. Frodo alichomwa begani kwa kisu cha Mordor tarehe 6 Oktoba, na akadungwa sumu na buibui mkubwa tarehe 13 Machi, na baada ya kurudi kwao Shire siku hizo mbili kila zikirejea zilimlaza. Naomba uurudie ukurasa ule ambao mkulima mwenyeji wake anamkuta kitandani, ameikamata kwa nguvu johari nyeupe iliyoning'inia shingoni mwake, akisema kama aliye ndotoni kwamba imeondoka milele na sasa kila kitu ni kiza na kitupu. Mtu huyo ameiokoa nchi yake, na bado anakilia kile kile kilichokuwa kikimuua. Babu yangu mzaa mama alianguka kutoka juu ya mkarafuu alipokuwa kijana. Mfupa uliunga, akatembea, akaoa, lakini kila kipupwe kilipoingia tulimwona ameushika mguu ule usiku kucha, wala hapakuwa na mtu wa kumlaumu kwamba hajapona.

Sisi tuliokulia katika tenzi tumezoea shujaa afe. Fumo Liyongo anadungwa sindano ya shaba kitovuni, anafia kisimani amepiga magoti na mshale upindeni, na watu wanaogopa kwenda kuteka maji wakidhani yu hai. Kwa Frodo mambo yamegeuka: yu hai, anapita njiani, lakini ndani yake pana kitu kilichokwisha kufa, na wenyeji wa Shire hawakioni wala hawamjali sana, jambo lililomuumiza Sam. Tolkien alipigana vita vya Somme huko Ufaransa mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na kufikia 1918 rafiki zake wa karibu wote walikuwa wamekufa isipokuwa mmoja. Naamini alizijua vyema nyuso za watu waliorudi namna hiyo.

Chombo kilichong'oa nanga katika bandari ya Grey Havens tarehe 29 Septemba, miaka miwili na nusu baada ya Pete kuangamia, kilimpeleka kutibiwa, ikiwezekana, kabla ya kufa kwake. Ndivyo Tolkien alivyoeleza katika barua ileile. Kaka yako na asome sura mbili za mwisho, hasa ile ya kuikomboa Shire, ambayo filamu iliiacha yote na ambamo Frodo anazuia watu wasiuane.

Ama Sam, jioni ile alirudi nyumbani, mkewe Rose akamketisha kitini na kumpakatisha binti yao Elanor. Waliishi pamoja miaka mingi. Kiambatisho mwishoni mwa kitabu kinasimulia kwamba Rose alipofariki, Sam aliondoka, akamkabidhi Elanor kile kitabu alichoachiwa na Frodo, na kwa mujibu wa wazao wa binti huyo alishuka bandarini akavuka bahari, naye ndiye wa mwisho katika walioibeba Pete, maana kuna wakati naye aliibeba.