Kuzoea maisha ya ualimu wa kujitolea Quetzaltenango

Mdogo wangu, umeuliza kama Kihispania chako kidogo kitakutosha kwenda kufundisha kwa kujitolea Quetzaltenango, Guatemala. Mimi nilifika nikijua salamu tu, na niliweza. Ila usiingie darasani wiki ya kwanza. Mji ule una shule nyingi za Kihispania ambako unakaa na mwalimu wako peke yako, saa kadhaa kila siku. Soma hata wiki 3, na ulale kwa familia ya wenyeji. Mezani, kwenye tortilla na maharage meusi, ndipo lugha ilinikaa hasa.

Jambo ambalo sikuambiwa na mtu: watoto wengi wa vijijini nyumbani wanaongea Kik'iche' au Kimam, lugha za Wamaya, wenyeji wa asili wa huko. Kihispania wanakikuta shuleni, kama sisi tulivyokikuta Kiingereza. Basi mtoto akinyamaza, usidhani hajui, mpe muda. Jifunze kusema "maltyox", yaani asante kwa Kik'iche', uone nyuso zinavyong'aa. Watakuita "seño", ndivyo wanavyomwita mwalimu wa kike.

Adabu haitakusumbua, umelelewa kwa shikamoo. Wakubwa waite "usted", yaani "wewe" ya heshima, salimia kila uingiapo dukani, na ukiwapita watu wanakula sema "buen provecho", yaani kuwatakia mlo mwema.

Beba sweta zito, mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Na usifike Novemba: shule za serikali huanza Januari na kufunga Oktoba.