Jibu: Wageni wa kanisa wana siku 10 tu, nyumba ya mjane itaisha?

Shalom mchungaji. Umeuliza kama wageni wenu kutoka Marekani watammalizia mjane nyumba ya vyumba viwili kwa siku 10, na umetaja kwa kupita tu kwamba kiwanja ni cha shemeji yake. Anzia hapohapo, kabla ya kuhesabu mifuko ya saruji. Sisi huku Iringa tulijenga, tukakabidhi kwa maombi na pilau. Miezi mitatu baadaye ndugu wa marehemu wakaja kudai eneo lao. Ita ukoo mbele ya serikali ya kijiji, muhtasari uandikwe na wote wasaini, kisha mama aombe hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake.

Kuanzia chini, siku 10 hazitoshi. Msingi na jamvi (sakafu ya zege) fundi wenu amalize wiki mbili kabla, mkimwagilia maji angalau siku 7. Wageni wapandishe tofali hadi lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Kupaua mwachieni fundi, maana lenta mbichi haibebi paa.

Viza ya utalii hairuhusu kazi, hata ya kujitolea. Waulizeni uhamiaji kabla hawajakata tiketi.