Kuwasha indiketa sio kupewa njia

Jana nimepata meseji ya msomaji, amegongwa ubavuni wakati anahama leni na kinachomuuma ni kwamba "mimi niliwasha indiketa kaka, kosa langu liko wapi?" Pole sana ndugu yangu. Ila nikuambie ukweli, indiketa ni kuomba njia, bado hujapewa. Unaangalia vioo kwanza, unawasha, unaangalia tena na kugeuza shingo maana kuna sehemu kioo hakionyeshi, ndo unahama. Wengi wanawasha usukani umeshakatwa, sasa hapo unamtaarifu nani?

Mimi hili suala linanigusa. Kuna siku natoka barabara ndogo kuingia kubwa, gari inakuja na indiketa inawaka kwamba inakata kuingia huku nilipo. Jamaa niliyembeba akaanza kelele, toka bwana si unaona anakata, na nyuma watu wanapiga honi kama wote. Sikutoka. Nilikuwa naangalia tairi zake za mbele, hazigeuki, na spidi hapunguzi hata kidogo. Ikapita mbele yetu moja kwa moja kwa kasi, indiketa bado inawaka na dereva hana habari! Jamaa akanyamaza mpaka tunafika, samahani hakusema, na hadi leo anawahadithia watu kwamba mimi ni dereva muoga. Inaniuma, lakini ningemsikiliza yeye asingekuwepo wa kuhadithia.

Kwa hiyo wapendwa tuzimeni indiketa. Ukikata kona kubwa inajizima yenyewe usukani ukirudi, lakini ukihama leni usukani unazunguka kidogo tu kwa hiyo mara nyingi haijizimi, izime kwa mkono. Washa kabla ya kukanyaga breki ili wa nyuma ajue kwa nini unapunguza, ila kama kuna njia nyingine kabla ya ile unayoingia subiri uipite kwanza, la sivyo mtu atatoka pale akijua unaingia kwake. Na jamani hazadi, yaani indiketa za pande zote mbili kuwaka pamoja, kwenye makutano acheni, eti unaonyesha unaenda moja kwa moja, aliye pembeni anaona taa ya upande mmoja tu na anajua unakata!

Kingine, kawaida indiketa inapiga kati ya mara 60 na 120 kwa dakika, ukisikia upande mmoja unapiga haraka haraka kuliko mwingine mara nyingi ni balbu imeungua, shuka uangalie mbele na nyuma ubadilishe leo leo.