Maswali na majibu: Na mbwa ndani ya gari-nyumba, nyikani Australia

Baridi ya huku Australia ikikaribia, barua za safari huongezeka. Safari hii karibu zote zinauliza habari za mbwa. Nimechagua sita.

Shikamoo mama. Mimi na mwenzangu tumenunua gari-nyumba la mtumba, tunataka kutoka Adelaide hadi Darwin na mbwa wetu wawili. Twende mwezi gani? (Msomaji, Adelaide)

Marahaba mwanangu. Nendeni kati ya Mei na Septemba. Ni njia ya kilomita 3,000 hivi, na kiangazi joto la Coober Pedy, mji wa jangwani ulio njiani, hupita nyuzi 40. Ndiyo maana wenyeji wengi wa pale wamechimba nyumba zao ardhini. Mbwa hatoi jasho kama sisi. Hupoa kwa kuhema, na hewa yenyewe ikiwa ya moto, kuhema hakumfai kitu. Kabla hajakanyaga lami, iguse kwa mgongo wa kiganja. Usipoweza kuvumilia sekunde 5, naye asiikanyage.

Bebeni na mablanketi, maana usiku wa Julai mjini Alice Springs baridi huweza kushuka chini ya sifuri. Na njiani kila mbwa afungwe mkanda wake au akae kizimbani. Kumpakata huku unaendesha sheria inakataza. Siku kangaruu akikukatia mbele nawe ukakanyaga breki ghafla, mbwa wa kilo 20 atarushwa kama jiwe. Kangaruu hutoka zaidi alfajiri na jioni, kwa hiyo jua likianza kuzama, muwe mmeshaegesha.

Nimeona mabango yenye namba 1080 kwenye mageti ya mashamba. Yanahusu nini? (Msomaji, Brisbane)

Swali hili ningependa kila mwenye mbwa aliulize kabla ya kuwasha gari. 1080 ni sumu. Wafugaji huichanganya na vipande vya nyama na kuvitega ili kuua mbweha na dingo, mbwa mwitu wa huku wanaoshambulia kondoo. Vita vyao na dingo ni vya zamani, hata ukajengwa uzio wa zaidi ya kilomita 5,000 kuwazuia. Sasa, kinachomuua dingo kinamuua na mbwa wako, tena kwa kiasi kidogo sana. Dawa ya kuiondoa mwilini haipo.

Kipande chenyewe hufanana na nyama iliyokaushwa. Ndege huweza kukidonoa na kukiangusha mbali na kilipotegwa, kwa hiyo kutoliona bango si dhamana. Hata mzoga wa mnyama aliyekula sumu hiyo unaweza kumuua mbwa. Dalili huanza baada ya nusu saa au saa kadhaa: kutapika, kulia, kukimbia ovyo kama aliyepagawa, kisha degedege.

Mimi ninavyofanya ni hivi. Mbwa hatoki bila kamba, na mdomoni namvisha kikapu cha matundu kinachomwacha aheme na kunywa maji lakini asiokote kitu. Mzoeze nyumbani wiki kadhaa kabla ya safari, umpe vitamu akikivaa, asije akakichukia. Tena mwone daktari wa mifugo mapema akueleze la kufanya akimeza. Mbwa aliyekwishaanza degedege usimtapishe, atapaliwa. Kati ya Port Augusta na Alice Springs ni zaidi ya kilomita 1,200, na usitegemee kumpata daktari hapo katikati. Kinga ndiyo tiba uliyo nayo.

Tukifika Uluru na Kakadu, mbwa ataingia? (Msomaji, Perth)

Hapana. Hifadhi zote mbili haziruhusu mbwa wa kufuga. Najua baadhi ya watu humfungia garini na kiyoyozi kikiwaka, wakaenda kutembea. Nawasihi msifanye hivyo. Umeme wa kambini ukikatika dakika chache tu, gari hugeuka tanuri, nanyi mko mbali mnapiga picha. Alice Springs na Darwin kuna mabanda ya kulaza mbwa kwa malipo. Weka nafasi mapema, umwache huko, ukatembee na moyo uliotulia. Na huko kaskazini usimpeleke mbwa ukingo wa mto hata kunywa maji. Mamba wa kule humwona mbwa kama kitoweo.

Mimi ni Mwislamu, mume wangu ana mbwa. Ndani ya gari dogo nitasali wapi? (Msomaji, Melbourne)

Dada yangu, hukumu yenyewe muulize sheikh wako. Kwa upande wa nafasi, mbwa alale mbele, kwenye viti vya dereva, juu ya mkeka wake, na katikati wekeni kizuizi. Msala na nguo za sala zikae kabati la juu. Vyombo vyake vya chakula muwe mnavioshea nje. Asilale nje usiku, kuna dingo na nyoka.

Naweza kuja na mbwa wangu kutoka Mombasa kwa likizo ya miezi miwili? (Msomaji, Mombasa)

Mwache nyumbani. Mbwa hasafirishwi moja kwa moja kutoka Kenya kuja Australia. Lazima kwanza apitie nchi iliyoidhinishwa. Kuna kipimo cha kichaa cha mbwa na kungoja siku 180, kisha karantini ya Mickleham, karibu na Melbourne. Likizo yako itakwisha kabla hajapanda ndege.

Kupe wapo huko? (Msomaji, Adelaide)

Wapo, tena yule yule kupe wa kahawia anayesumbua mbwa wa kwetu Afrika Mashariki. Ugonjwa anaoueneza, erlikiosi, uligunduliwa kwa mbwa wa Kimberley, kaskazini-magharibi mwa Australia, mwaka 2020, na sasa upo Northern Territory pia, ndiko kwenye Alice Springs na Darwin. Anza dawa ya kupe kabla hujaondoka. Kila jioni mpekue masikioni, kwapani na katikati ya vidole. Humo humo utakuta na miiba ya mbigili, ile ile ya kwetu. Ing'oe kabla mbwa hajaanza kuchechemea.