Je, nimtangaze fundi mwenzangu msimu huu wa Krismasi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni fundi cherehani hapa Mbeya, nina kibanda changu upande wa Mwanjelwa. Instagram nina wafuasi wengi kidogo, na stetasi yangu ya WhatsApp inaangaliwa sana. Desemba ikifika, wenzangu wa kwaya huniomba niwarushe: huyu anauza mchele, yule keki, mwingine nguo za watoto. Mwaka huu fundi mwenzangu wa mtaa wa pili naye kaomba nimtangazie kazi zake. Mume wangu hataki hata kusikia, anasema natangaza mpinzani wangu kwa bando langu mwenyewe. Nikikataa nitakuwa nimetenda dhambi? Na nikikubali, lile neno la mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume litakuwaje?

JIBU: Amina, mama. Nianze na hilo la mwisho, maana ni jepesi. Mathayo 6:3 inazungumzia sadaka, na anayekemewa pale ni mtu anayetoa ili yeye aonekane. Wewe ukimtangaza muuza mchele, anayeonekana ni muuza mchele. Tena Mithali 27:2 inasema, “Mwingine na akusifu, wala si kinywa chako mwenyewe.” Sasa huyo “mwingine” lazima awepo mtu wa kuifanya hiyo kazi! Paulo aliifanya. Fungua Warumi 16 uone alivyomkabidhi Fibi kwa kanisa la Rumi, akieleza kwamba amesaidia wengi, na yeye Paulo akiwemo, kisha akaendelea kutaja watu kwa majina, mmoja mmoja, karibu sura nzima. Na kwa kuwa wewe ni fundi, soma pia Matendo 9. Dorkasi alipofariki kule Yafa, wajane walimzunguka Petro wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Hawakutoa hotuba. Walionyesha kazi ya mikono yake.

Suala la mpinzani ndilo zito. Tuko katika Majilio, majuma ya kuingojea Krismasi, na mtu wa Majilio ni Yohana Mbatizaji. Alikuwa na wafuasi, tena wa kweli, si wa kubonyeza kidole. Siku moja amesimama na wawili kati yao, Yesu akapita, Yohana akasema, “Tazama, Mwana-kondoo wa Mungu!” Wale wawili wakamwacha palepale wakamfuata Yesu (Yohana 1:35-37). Baadaye waliobaki wakaja na malalamiko yaleyale ya mume wako: yule uliyemshuhudia sasa anabatiza, na watu wote wanamwendea. Jibu la Yohana unalijua: “Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua.” Najua fundi wa mtaa wa pili si Masihi, na sikuambii ufunge kibanda ili yeye azidi. Nataka uone tu kwamba hofu ya kupoteza wafuasi haikuanza na simu, na Yohana hakuiruhusu imzuie kusema kweli juu ya mwenzake.

Ila unachosema kiwe kweli. Hapo ndipo ninapokubana, kwa sababu mimi mwenyewe nimeshaumbuka. Desemba moja muumini aliniomba nimtangazie mchele wa Kyela. Nikarusha picha ya gunia, nikaandika “mchele safi kabisa”, wala sikuushika hata punje. Watu wakanunua, kwa kuwa ni Mchungaji kasema. Baada ya siku tatu bibi mmoja akaja nyumbani na mfuko wa nailoni, akamimina kiganja kizima kwenye ungo wa mke wangu. Punje nyingine ndefu, nyingine fupi nene, chenga tele, na ukinusa hakuna ile harufu. Ulikuwa umechanganywa. Bibi hakunigombeza. Aliniuliza tu, “Baba, na wewe uliula?” Jumapili nilisimama nikaomba radhi kwa jina langu, muuzaji sikumtaja. Amri isemayo usimshuhudie jirani yako uongo haimhusu anayesingizia peke yake. Hata kusifu usichokijua ni ushuhuda wa uongo. Kwa hiyo keki ionje. Nguo za watoto zigeuze uone mishono ya ndani, wewe ndiye mtaalamu. Usichokijua, andika tu kwamba fulani anauza, namba yake ni hii, ukaishie hapo.

Ukilipwa kwa kutangaza, si dhambi, udalali ni kazi. Lakini watu wajue kuwa umelipwa.

Nikumbushe na jambo moja ambalo hukuliuliza. Msimu huu vikundi vingi vinapeleka sabuni na mchele kwa wajane na watoto yatima, halafu picha zinarushwa: mtoto amesimama na kandambili zisizofanana, amekumbatia kilo mbili za unga, nyuma yake kina mama kumi wa sare moja wanatabasamu. Hapo ndipo Mathayo 6 inapouma. Huyo mtoto hakutangazwa, ametumika kuwatangaza wengine. Stetasi hufutika baada ya saa 24, lakini ikishahifadhiwa kwenye simu ya mtu, darasani Januari itamfuata. Hata sheria ya nchi ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 haikuachii picha ya mtu uifanye upendavyo. Kama kikundi chenu kinakwenda, pigeni picha mifuko.

Sasa, je, ukimkatalia mwenzako ni dhambi? Hapana. Hakuna andiko linalokuagiza ugeuze simu yako soko la Sido, na mume wako hakosei kuwaza chakula cha watoto. Ukimkatalia kwa wivu, hilo litubie kimya kimya. Lakini kuna dhambi nyingine ambayo sisi wateja wa mafundi tunaijua vizuri. Fundi anapokea vitenge vya familia nane, vingine vimetoka Tunduma kwa gharama, anapima kila mtu, anaahidi tarehe 20. Ukienda, “njoo kesho, bado vifungo.” Kesho umeme umekatika. Tarehe 24 jioni, mvua inanyesha, mama amesimama kibandani na watoto watatu, na gauni la mdogo bado halijakatwa. Huo ni uongo wa mwezi mzima, na mara nyingi unatokana na fundi kuogopa kumwambia mteja, “Mimi nimejaza, nenda kwa fulani, anashona vizuri.”

Kwa hiyo kabla hamjaendelea kubishana, kaeni wewe na baba watoto mbele ya meza ya cherehani. Hesabuni vitambaa vilivyokunjwa pale, hesabuni na siku zilizobaki kabla ya tarehe 24. Nahisi atakuomba namba ya yule fundi yeye mwenyewe.