Muulize Mzee Karai: Shilingi 30 za kutafuta, si za kupata

*Shikamoo Mzee Karai. Nimesoma kwamba mwaka 1854 wachimbaji wa dhahabu wa Ballarat, Australia, walipigana na askari wa Malkia wa Uingereza kwa sababu ya leseni ya kuchimba, iliyoanza kwa shilingi 30 kwa mwezi. Mtu anachimba dhahabu, shilingi 30 zitamshindaje? Halafu rafiki yangu anashikilia kuwa mmoja wa walioshtakiwa alikuwa mtu mweusi. Ni kweli? – Mbishi*

Marahaba, Mbishi. Rafiki yako ni mkweli, nitamfikia. Tuanze na hizo shilingi, maana naona hujawahi kushuka duara, yaani shimo la dhahabu. Mimi nimeshuka miaka 11 kabla sijashika kalamu, na swali lako limenichekesha kidogo.

Fanya hesabu. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, na wakia moja ya dhahabu pale machimboni ilinunuliwa kama pauni 3, yaani shilingi 60. Leseni ya mwezi basi ni nusu wakia. Utasema kidogo, na ni kidogo kweli kwa aliyepata. Ila serikali ya Victoria, koloni lenye Ballarat, haikuuliza umepata nini. Ulilipa kwanza ndipo upige sururu, na mwezi ukigeuka ulilipa tena, hata kama karai halijaona chembe.

Mwaka 1851, dhahabu ilipogunduliwa Ballarat, mambo yalikuwa mepesi. Ulipewa kipande cha futi 8 kwa 8, ukachimba kina cha kaburi, ukaosha udongo kijitoni. Kufikia 1854 ya juu ilikuwa imekwisha. Iliyobaki ililala kwenye mikondo ya mito ya kale iliyofukiwa chini ya udongo wa mfinyanzi na mawe, futi 100 na zaidi. Hapo huchimbi peke yako. Mnaungana kundi, mmoja chini na mshumaa, wengine juu wanazungusha winchi ya mkono, ndoo ya kifusi, ndoo ya maji, ndoo ya kifusi. Kuta mnazizuia kwa mbao, maana udongo ule ukilowa unasukuma. Hewa ikiwa nzito mnafunga turubai juu mfano wa tanga la jahazi, linakamata upepo na kuushusha shimoni. Miezi inapita. Mnafika chini, mnakuta mto wenyewe ulipita hatua chache upande wa jirani. Kama ni miezi sita, kila mmoja wenu ameshatoa shilingi 80, maana ada ilipunguzwa mwishoni mwa 1853, kwa ajili ya shimo la maji. Kwa ada ya mwanzo zingekuwa 180.

Tena hao hawakuwa wachimbaji wa asili. Wengi walikuwa makarani, maseremala, mabaharia waliotoroka meli bandarini Melbourne. Waingereza, Waayalandi, Wajerumani, Waitalia, Wamarekani. Safari ya kutoka Liverpool ilikula kama miezi mitatu, kisha ukatembea kwa miguu kutoka Melbourne au Geelong na blanketi mgongoni. Chakula kilikuwa nyama ya kondoo, mkate wa unga na maji uliookwa kwenye majivu, na chai. Maji ya chai yalitoka kwenye kijito kilekile cha kuoshea udongo, kwa hiyo kuhara damu kuliua watu hemani. Mtoto wangu anayefanya kazi Australia alinipeleka kwenye makumbusho ya machimbo ya Sovereign Hill, pale Ballarat, wakanipa karai. Nusu saa nzima, mgongo unalia, nikapata chembe nne ndogo kuliko punje ya ulezi. Mjukuu akapiga makofi.

Sasa askari. Leseni ilipaswa kuwa mwilini muda wote. Wewe uko chini kiunoni majini, karatasi umeiacha hemani isioze. Askari anapiga kelele juu, unapanda matopeni, huna cha kuonyesha, umekamatwa. Wengine walifungwa mnyororo kwenye mti kwa kukosa mahabusu. Wachimbaji walipowaona wakija walipeana ishara kwa kupaza sauti "Joe! Joe!", kwa dhihaka ya gavana Charles Joseph La Trobe. Aliyemfuata, Charles Hotham, aliamuru misako hiyo ifanywe mara mbili kwa wiki. Hapo ndipo alipoharibu. Tarehe 29 Novemba 1854 watu walichoma leseni zao hadharani, wakajenga boma la magogo pale Eureka, sehemu ya machimbo ya Ballarat, na alfajiri ya Jumapili, 3 Desemba, jeshi likawavamia. Wachimbaji zaidi ya 20 walikufa. Kiongozi wao, Mwayalandi Peter Lalor, alipoteza mkono.

Watu 13 walishtakiwa kwa uhaini, kosa la kunyongwa. Wa kwanza kusimamishwa kizimbani, Februari 1855, alikuwa John Joseph, Mmarekani mweusi, na miongoni mwa hao 13 alikuwamo pia Mjamaika. Wamarekani weupe waliokamatwa walikuwa wameshaachiwa, yeye hakuachiwa. Naamini waendesha mashtaka walidhani baraza la raia weupe walioketi kuamua kesi litamtia hatiani upesi, kisha wengine wafuate kirahisi. Likamwachia. Watu wakashangilia hadi jaji akaudhika, na nje umati ukambeba kwenye kiti katika barabara za Melbourne. Wenzake wote nao wakashinda. Joseph alirudi machimboni, akafa Bendigo, machimbo mengine ya Victoria, mwaka 1858, bado mchimbaji.

Na ile leseni? Mwaka 1855 iliondolewa. Ikaja hati ya pauni 1 kwa mwaka mzima, pamoja na haki ya kupiga kura. Mwanzoni, kwa shilingi 30 za kila mwezi, walikuwa wakilipa pauni 18 kwa mwaka. Serikali ikachukua chake kwa ushuru wa dhahabu inayosafirishwa nje, shilingi 2 na peni 6 kwa wakia. Yaani aliyepata ndiye aliyelipa. Ungewauliza wachimbaji wangekuambia hivyo tangu 1851.

*Mzee Karai, na Wachina je? Nao walipiga kura? – Binti Salama*

Binti yangu, mwaka huohuo wa 1855 Victoria ilitunga sheria nyingine: kila Mchina anayeshuka melini atozwe pauni 10. Wengi walitoka Guangdong, kusini mwa China, kwa nauli ya mkopo, na deni lilisubiri nyumbani. Kwa hiyo, kukwepa tozo hiyo, manahodha waliwashusha Robe, bandari ya koloni jirani la Australia Kusini, wakatembea zaidi ya kilomita 400 hadi machimboni, wamejipanga mstari, mizigo kwenye mti begani. Mwaka 1857 kundi moja lililokuwa njiani lilikuta dhahabu mahali lilipopumzika. Likaacha safari, likachimba palepale. Mji ulioota hapo unaitwa Ararat, na upo hadi leo.