Ladie's au Ladies'? Kibao cha saluni

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimefungua saluni, fundi kanichorea kibao "Ladie's Salon" na chini yake "Wig's, Braid's". Mteja kasema kimekosewa, fundi anabisha. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba mwanangu, hongera ya saluni. Mteja yuko sahihi kabisa. Apostrofi ni kale kaalama ka kwenye ng'ombe, ila kwetu kanaonyesha sauti, kwenye Kiingereza kanaonyesha mwenye mali, au herufi iliyodondoka kama "don't". Sasa we anza na mwenye mali, muandike mzima mpaka umalize, ndo uweke alama. Saluni ni ya akina mama wengi, yani "ladies", kwa hiyo "Ladies' Salon", alama inakaa nje ya s. Fundi alivyoiweka kabla ya s kamfanya mwenye saluni awe "ladie", na Kiingereza cha leo hakina neno hilo, angekuwa mama mmoja ingekuwa "lady's". "Women" na "children" ni wingi tayari bila s, ndo maana tunaandika "women's", "children's".

Hizo wigi na rasta hazimiliki kitu, zipo nyingi tu basi, andika "Wigs, Braids".

Angalia pia "its", hiyo inatesa hata Waingereza wenyewe: "it's" ni kifupi cha "it is" au "it has", ila "its" ya umiliki haina alama, sawa na "his" na "hers".

Mwambie fundi arudi na brashi, na asikuchaji tena.